Makuli Wanane Ndani ya Prosesa

Jumatatu, 3 Machi
Makasha mia mbili na kumi na manne, yote kwa mgongo huu huu. Unalia kama mlango wa choo. Ghala limejaa kompyuta za mezani, nami nazihamisha ukuta hadi ukuta kama paka anayehama na watoto wake.
Leo msimamizi katangaza: karakana inataka mtu mmoja wa kuunganisha mashine. Kazi ya kukaa! Nimekiona kiti. Kina magurudumu! Miwani, kuli mwenzangu anayejifanya msomi, kanyosha mkono. Mimi nikanyosha yote miwili.
Sina ujanja. Mama watoto nilishamwambia kwa simu kwamba mimi ni fundi kompyuta. Naye kamwambia mama mkwe. Kwa mama mkwe neno halifutiki.

Jumanne, 4 Machi
Nimekariri maandishi ya kasha la prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Viini vinane, gigahezi nne nukta saba, wati mia na tano. Shule niliiacha mapema, lakini hili nimelielewa: viini ni makuli wanane, gigahezi ni kasi ya miguu yao, wati ni chakula chao. Nikamweleza Miwani. Akauliza, joto likizidi je? Nikasema makuli wangu hawachoki. Akasema basi hao si makuli, ni malaika.

Jumatano, 5 Machi
Mtihani. Kila mtu anaunganisha mashine yake, prosesa aina moja. Kesho zitapewa video moja kubwa kuibana iwe ndogo. Itakayomaliza kwanza, mwenyewe anapata kiti.
Kuna kipoza joto, bonge la bati lenye feni linalokaa juu ya prosesa. Chini yake kimebandikwa nailoni. Miwani kaibandua! Mchana kweupe! Sheria ya kwanza ya ghala: anayechana nailoni ya mzigo anafagia uwanja wiki nzima. Mimi nimefagia mara nne. Nikamwacha ajichongee mwenyewe. Yangu nikailainisha kwa kidole. Hakuna hata kiputo!

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Tulianza sambamba. Mara feni yangu ikanguruma kama ndege. Digrii mia! Kasi ikashuka hadi gigahezi moja kasoro. Makuli wangu wote wakakaa chini. Ya Miwani, digrii sitini na nne, ikamaliza kwa dakika kumi na moja. Yangu ikazima kabisa.
Msimamizi akafungua, akaitoa nailoni kwa ncha za vidole kama mkia wa panya. Akaniuliza, ndugu yangu, wewe ungebeba mizigo juani umevaa koti la mvua? Nikajibu inategemea mawingu. Ghala zima likacheka, hata mlinzi wa getini.
Nikakumbusha kuhusu nailoni aliyobandua Miwani. Hakuna aliyejali. Upendeleo mtupu.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani anazunguka kwenye kiti. Kaniagiza makasha, eti taratibu, kaka, mgongo hauna spea. Mbwa.
Mama watoto kapiga simu. Kaka yake, shemeji yangu yule mwenye maneno mengi, kanunua kompyuta na inachemka. Anaileta kwangu, fundi wa ukoo. Nimesema alete haraka.
Ugonjwa naujua. Nimewaza siku nzima chini ya makasha: nailoni ile ilikuwa nyembamba mno, joto likapenya.
Ya shemeji nitaweka mbili.