Vidole vya Ruponda

Dastani hakuwahi kulima hata tuta la mchicha, lakini kila msimu wa ufuta alivuna. Msimu huu alikuwa Ruangwa, ameegemea pikipiki yake nyekundu kando ya uwanja wa mnada, akiwatazama wakulima wakisomewa bei za wanunuzi. Bei ya juu iliposomwa, mwenyekiti akawataka wanaoikubali wanyooshe mikono. Haukunyooka hata mmoja. Wanaokataa? Uwanja mzima ukawa mikono. Mnada ukaahirishwa, nao wakatawanyika kwenda kula mihogo, wamechangamka kama watu waliouza.

Mtu mwingine angeona wakulima wenye msimamo. Dastani aliona watu wanaopenda kupiga kura kuliko wanavyopenda bei.

Miaka ya nyuma alinunua ufuta na korosho vichochoroni kwa kangomba, lile bakuli la kupimia ambalo kwa mkulima huwa na kina cha kisima. Siku hizi kununua nje ya ghala ni kosa na watu wanakamatwa. Lakini hakuna sheria inayokataza kucheza. Kabla hajafika kwake Nachingwea, mchezo ulikuwa umeshaiva kichwani.

Aliuita Kanuni ni Zetu. Ulichezwa kwenye kundi la simu. Kiingilio kilikuwa debe moja la ufuta, linalopelekwa kwenye stoo ya Valentina pale Nachingwea, mama mwenye mzani usiojua ndugu. Kila siku baada ya alasiri mchezaji anarusha dado ya kwenye simu na kujiandikia alama, na wa kwanza kufika alama mia tano anachukua stoo nzima. Utamu wenyewe ulikuwa hapa: kila siku mchezaji mmoja kwa zamu analeta hoja ya kubadilisha kanuni, kundi linapiga kura, na wengi wakishinda, hiyo ndiyo kanuni.

Kanuni moja tu haikuruhusiwa kuguswa, nayo Dastani aliiandika kwa mkono wake na kuiwekea nyota tatu: mchezaji ni mtu ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake; kura ni yake na mali ni yake. Aliiweka ili kuwatuliza waoga. Mtu akitilia shaka namba yoyote kundini, anajaribu kuitumia shilingi mia tano, jina la mwenye laini linatokea, anaghairi, moyo unatulia.

Na majina yalitokea kweli. Mwaka juzi Dastani alikuwa wakala wa kusajili laini, mwavuli wake umesimama kwenye gulio la Ruponda. Mzee akija, anaweka kidole. "Hakijashika, babu, weka tena." Kidole cha kwanza kilisajili laini ya mzee, cha pili kilisajili laini ya Dastani. Kwa usumbufu, kila mmoja alipewa nusu mche wa sabuni. Alikusanya laini ishirini na moja kwa namna hiyo, akazihifadhi kama mtu anavyohifadhi mbegu.

Wachezaji wa kweli walifika ishirini, wote wa Chinongwe na Mbwemkuru kule Ruangwa. Kila mmoja wao aliingia akiamini kwamba wale wengine ni wajinga. Ishirini dhidi ya laini zake ishirini na moja, ambazo kiingilio chake alishakipeleka. Demokrasia ilianza kufanya kazi.

Wiki ya kwanza ikapita hoja kwamba wenye majina yanayoanza na P wahesabiwe dado mara tatu. Kundini P alikuwa mmoja tu, Protasi wa Ruponda. Wiki ya pili ikapita kwamba watu wa Wilaya ya Ruangwa wapunguziwe alama tano kila Jumatatu, kwa sababu za kihistoria. Watu wa Chinongwe walilalamika, lakini walikubali. Kura ni kura.

Hajra, katibu wa chama cha wakulima kule Chinongwe, aliujua mchezo huo siku alipokwenda darini kutazama mbegu na kukuta debe moja limepungua. Ulikuwa ufuta aliouchagua mwenyewe punje kwa punje, mbegu ya msimu ujao kwa shamba lote. Mumewe Isihaka alijieleza kwa upole kwamba hakuiuza, aliiwekeza.

"Umeiwekeza wapi?"

"Kwenye kanuni, mama Asmaa."

"Na mwakani tutapanda kanuni?"

Isihaka akamnyooshea simu. Hapo ndipo bahati ya Dastani ilipoanza kuchanika, ingawa kwa macho bado ilikuwa nguo nzima. Laini ya Isihaka ilisajiliwa kwa kitambulisho cha Hajra, maana cha kwake kilichukua miaka minne kutoka. Hajra akaisoma ile kanuni ya nyota tatu, akaisoma tena, akamwambia mumewe kwamba kwa mujibu wake yeye, Isihaka, hayumo kwenye mchezo. Anayecheza ni mkewe. Akaiweka simu mfukoni.

Alisoma kundi zima tangu mwanzo, kama anavyosoma mihtasari ya chama. Alipofika kwa Protasi, aliyekuwa anaongoza kwa alama, alisimama. Protasi alikuwa ameandika: "Oya wanangu, leo dado imekubali, tunawakimbiza kinoma." Hajra akajaribu kumtumia shilingi mia tano, likatokea jina kamili. Alilijua jina hilo. Ni mzee wa Ruponda, jirani wa wajomba zake, umri unakaribia themanini, Kiswahili anakitumia kanisani na kwa daktari tu, na simu yake ilitumbukia kisimani mwaka jana.

Kesho yake alikwenda Ruponda. Akamuuliza Protasi kwa Kimwera kama amewahi kuweka kidole mahali mara mbili. Mzee alikumbuka sabuni. Hajra akampa simu yake, wakaulizia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mzee, zikatoka mbili. Jioni alikuwa amepita nyumba ishirini nyingine, na kila nyumba walikumbuka sabuni.

Kwenda polisi kulikuwepo. Lakini Hajra alijua ufuta ukiingia kituoni kama kielelezo unaweza kukaa hadi uote. Mbegu yake ilihitajika kabla ya mvua. Akawaita wachezaji wa Chinongwe na Mbwemkuru kwenye ofisi ya chama, simu zote zikiwa mezani zimezimwa, akawaeleza hoja atakayoleta zamu yake ikifika. Kila mchezaji aongeze madebe mawili. Yapimwe Jumamosi hadharani, kwa jina, Valentina atoe stakabadhi. Asiyeongeza anatoka, na kura yake inatoka naye.

Yasini wa Mbwemkuru, mwenye ulimi mkali, aliuliza kama jua limempiga. Mwizi kachukua debe, nao wampelekee mawili?

"Nyote mtaipinga," Hajra alisema. "Mpige kelele, mnitukane kidogo, mkatae kura ishirini."

"Mbona unaleta hoja halafu unataka ikataliwe?"

"Yasini, kwenye mnada ukitaka mnunuzi apande, unafanyaje bei ya kwanza?"

Yasini akacheka. "Unakataa."

Hoja ikaingia kundini Jumatatu, kundi likawaka moto. Yasini aliandika kwamba huo ni wizi wa mchana. Mwingine akamwita Hajra kibaraka. Hata Hajra aliikataa hoja yake mwenyewe, akidai amejutia. Dastani aliyasoma hayo kibarazani kwake huku akinywa chai ya tangawizi. Kitu kinachokataliwa na wakulima ishirini kwa uchungu namna ile, alijisemea, lazima kiwe kitamu. Madebe arobaini mapya. Mizimu yake, zile laini za Ruponda, ikapiga kura ishirini na moja za ndiyo.

Ikabaki hesabu moja ndogo. Mizimu nayo ilipaswa kuongeza, la sivyo ingetoka na wingi wake wa kura. Hilo halikumsumbua, madebe arobaini na mawili angeyaweka Jumamosi asubuhi na kuyachukua Jumamosi jioni. Akauza pikipiki nyekundu, akapita vichochoroni na bakuli lake la zamani, akanunua.

Jumamosi stoo ya Valentina ilijaa watu. Wa Chinongwe na Mbwemkuru walipima wakiwa wamenuna vizuri. Dastani akaja na gari la kukodi, shati limepigwa pasi, akatangaza kwamba ndugu zetu wa Ruponda wako shambani na wamemtuma. Valentina akapima, akaandika stakabadhi ishirini na moja, kila moja kwa jina. Kisha Dastani akatazama simu, akainua mikono kwa unyenyekevu. Dado imeanguka. Mzee Protasi amefikisha mia tano. Bahati mbaya mgonjwa, lakini kuna barua ya uwakilishi, na dole gumba hili hapa.

Wakati huohuo tela la trekta lilikuwa limeshasimama mlangoni, waliomo wakisikia yote. Wakashuka wazee kwa vijana, watu ishirini na mmoja, vitambulisho mkononi.

Protasi alishuka wa mwisho, kwa fimbo. "Nimesikia ninaumwa," alisema. "Nimekuja kujiona."

Hajra aliisoma kanuni ya nyota tatu kwa sauti ya katibu. Kura ni yake na mali ni yake. Valentina akalinganisha vitambulisho na stakabadhi, akaanza kugawa.

Dastani aliweza kuvumilia mengi, lakini si kuona madebe arobaini na mawili yakipata wenyewe. "Subirini jamani. Ule ufuta ni wangu. Nimenunua kwa hela yangu."

Hajra akafungua daftari, akatoa kofia ya kalamu. "Umenunua wapi, kaka Dastani? Ghala gani? Sema polepole, ninaandika."

Watu wote wakamgeukia, wakingoja kwa adabu kubwa. Dastani akasema pengine amekosea.

Mshindi, kwa kuwa alikuwa mshindi halali, aliulizwa atafanya nini na stoo. Protasi alileta hoja ya mwisho: kila mtu aondoke na alichopima, na mchezo ufungwe. Wanaokubali? Ikanyooka mikono arobaini na mmoja. Wanaokataa? Mwanzilishi wa mchezo, kwa kanuni zake mwenyewe, hakuwa na kura.

Hajra aliizamisha mikono kwenye debe lake la mbegu hadi kwenye viwiko, akahakikisha ni ileile, ndipo akalifunga. Isihaka alilibeba bila kuambiwa.

Dastani alikuwa anatafuta njia ya kutokea, kwa miguu, Protasi alipomshika bega. Mzee alitoa mche wa sabuni kwenye mfuko wa koti, mpya, haujakatwa.

"Wewe ulinipa nusu," alisema. "Mimi nakupa mzima. Nisije nikaambiwa nimekudhulumu."