Sifongo Pande Zote Nne

Jumatatu, 3 Machi
Bahari nzima inanitii mimi. Si majigambo, ni taarifa. Shule niliiacha kabla haijanimaliza, lakini leo ofisi ya bandari imenikabidhi kompyuta inayopiga hesabu ya mawimbi ya kesho. Mtaalamu wetu, tunamwita Mama Hesabu, kaenda likizo. Kaniambia nibonyeze kitufe kimoja tu, kingine nisikiguse hata kwa pumzi. Wivu huo! Nikiandika mawimbi mafupi, mjomba wangu mzamiaji anashuka kuziba nyufa chini ya gati. Nikiandika marefu, anabaki juu. Ndiye aliyenilea. Ana bahati kuwa na mpwa kama mimi.

Jumanne, 4 Machi
Makubwa! Mawimbi yanaingia kushoto kwa skrini, yanafika ukingo wa kulia, pale bahari ya kompyuta inapoishia. Kisha yanarudi. Kutoka mahali pasipo na bahari! Yanapandiana mabegani na wenzao, hadi moja linasimama mbele ya gati, refu kama nyumba. Likisimama, chai kikombeni mwangu inatetemeka. Dirisha limefungwa. Nimehamisha kikombe. Imetetemeka tena.
Mkuu wa ofisi kafoka: mchoro gani huu! Atakayeufuta mwangwi huo wa mawimbi atapewa kiti cha Mama Hesabu, kile cha kuzunguka. Nimekikalia na kuzunguka papo hapo. Mazoezi.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia Mama Hesabu, eti namjulia hali. Nikamchokonoa. Kumbe dawa ya mwangwi wanaiita sifongo: ukanda ukingoni unaonyonya wimbi lisirudi. Akaanza kunieleza ni upande upi wa kuuweka. Nikakata simu. Mimi wa kufundishwa sifongo? Nimeweka pande zote nne, nene kama godoro.
Bahari ikalala. Bapa kama meza! Mkuu kanipiga bega. Boya la kupimia mawimbi, kule baharini, limeng'ang'ania kuleta namba kubwa. Limezeeka. Nimelizima sauti.
Chai bado inatetemeka. Nimeinywa.

Alhamisi, 6 Machi
Mjomba kaniuliza mezani kama kesho patatulia. Nikamjibu patatulia kama kaburi. Mkewe akanikemea: mdomo wako huo, mwanangu!
Mjomba akacheka. Kasema neno la mpwa wake linamtosha.

Ijumaa, 7 Machi
Mjomba kashuka. Walioshika kamba wanasema maji yalinyamaza kwanza, kama mtu aliyebana pumzi. Kisha likasimama moja, mbele ya gati, palepale. Refu kama nyumba.
Wamemtoa hai. Mguu umevunjika mara mbili.
Mama Hesabu kapiga simu. Kasema kushoto ndiko bahari inakoingilia. Eti kwa sifongo ya kushoto nimeuziba mlango, halafu najisifu kwamba nyumba haina wageni. Maneno ya kuudhi sana.

Jumamosi, 8 Machi
Mjomba hanilaumu. Amekaa kaelekea ukuta, anasikiliza. Kila nikiingia ananiuliza: limerudi?
Kiti nimenyang'anywa. Ukichunguza, kosa ni la boya, halikusema kwa nguvu. Na la Mama Hesabu, aliyekwenda likizo wakati wa kazi. Jumatatu nitarudi mapema kabla hajafika. Nina dawa mpya: sifongo katikati, palepale linaposimama! Kiti kitarudi.
Lakini moja, naliandika humu tu. Chai ilipotetemeka hata baada ya sifongo, nilijua wimbi lile ni la kweli. Nilijua. Nikainywa.