Vita vya Pazia na Picha ya Kochi la Mwalimu

Sogeeni, enyi wenye masikio, mliosimama na mliokaa, na zaidi ninyi mliokaa, kwa kuwa habari ninayoileta inahusu hicho mlichokalia. Wapo waliosimulia falme na majeshi, na mimi sina ugomvi nao, kila mtu na soko lake. Mimi nitamsimulia Mama Makochi, mwenye sindano iliyopinda, mfufuaji wa springi zilizokata tamaa, mwanamke aliyeondoka siku ya Jumanne mchana na simu yenye chaji kiduchu, akaenda kupiga picha ya kiti. Msicheke bado. Mahali pa kuchekea tutafika.

Palikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, na ndani ya chumba hicho falme mbili. Upande wa mlangoni alitawala Kinyozi, mume wa Mama Makochi kwa ndoa ya miaka kumi na minne, mwenye kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu kuliko yeye, na mashine iliyonguruma tangu asubuhi. Upande wa ndani alitawala Mama Makochi mwenyewe, mwenye sponji nene na nyembamba, stepla nzito, nyundo ndogo na vipande vya vitambaa vya rangi zote. Katikati lilining'inia pazia la maua, nalo ndilo lililokuwa mpaka. Nywele za wateja zilivamia chini yake kila zilipofagiwa kivivu, na kila zilipovamia zilirudishwa kwa ufagio na maneno makali.

Amani hiyo ilidumu hadi siku ile wakubwa wenye mamlaka juu ya barabara walipohamisha kituo cha mabasi, wakakipeleka mtaa wa pili, na miguu ya watu ikahama nacho. Wale waliokuwa wakipita, wakaona kochi jipya limewekwa nje, wakalibonyeza, wakalikalia kwa mtego, kisha wakauliza bei, hawakupita tena. Kinyozi hakutikisika sana, maana nywele huota kila siku na mwenye kichwa anamjua kinyozi wake. Makochi hayaoti. Ikapita wiki ya kwanza, ikapita ya tatu, ikafika ya sita, na sindano iliyopinda ilikuwa haijatoboa kitu.

Ndipo Kinyozi alipolifungua pazia kwa mkono wa kushoto, mashine ikiwa katika mkono wa kulia, akasimama mpakani akahutubia.

"Mke wangu, mimi sikufukuzi, Mungu ananiona. Lakini kwangu watu wanasubiri wamesimama, na kwako sponji zimekaa. Tupeane mpaka mwisho wa mwezi. Asipokuja mteja hata mmoja, tunashusha pazia, naleta kiti cha pili, na wewe utakuwa unapokea watu na kufua taulo."

Taulo. Neno hilo lilimchoma, wala sitalipamba. Sindano ile alipewa na marehemu baba yake alipokuwa na miaka kumi na saba, na tangu hapo hakuwahi kujiita jina jingine ila fundi. Akanyanyuka kwenye stuli yake, akamtazama mumewe bila haraka. "Nimekusikia, baba," akasema. "Ila pazia hilo nililishona mimi. Likishuka, nitalishusha mimi."

Sasa dada yake alikuwa amemwambia kwa simu habari za orodha ya mafundi iliyoko mtandaoni, ambamo fundi huandika jina, kazi na mahali alipo, na mwenye shida yake huko aliko hutafuta akampata. Kinyozi aliposikia alicheka mpaka akamwacha mteja na upande mmoja wa ndevu. Alisema mtu akitaka fundi humuuliza jirani, si simu, na kwamba huko mtandaoni wamejaa watu wanaotafutana bila kupatana. Mama Makochi akamjibu kwamba majirani wote makochi yao alishayatengeneza, na tena aliyatengeneza vizuri, na hiyo ndiyo hasara ya kufanya kazi vizuri mahali pamoja. Kinyozi akarudi kumalizia ndevu.

Jumatatu akaukabili mlango wa orodha. Ikaulizwa jina, akaandika. Ikaulizwa kazi, na kwenye zile zilizotajwa palikuwa na seremala, mshonaji na muuza magodoro, wala fundi makochi hakuwamo, akateremka mpaka chini kabisa penye neno "mengineyo" akajipenyeza hapo. Akavuka swali la mahali, akavuka la namba ya simu. Ndipo akafika kwenye lango la mwisho, nalo lilikuwa na maneno haya: weka picha ya kazi yako iliyokamilika.

Hapo shujaa wetu alikwama. Miaka ishirini na mbili ya kazi, na picha hata moja hana. Angeipata wapi? Kochi likimalizika mwenyewe huja na gari siku hiyo hiyo, analipakia anaondoka nalo, na fundi hubaki na vumbi la sponji puani. Akafikiria kochi la nyumbani kwake. Lilikuwa na ubao mahali pa springi na shuka mahali pa kitambaa, na wageni walishaambiwa upande gani wasikae. Akalipiga picha hata hivyo, akaitazama, akaifuta kwa aibu.

Usiku ule aliwapitia wateja wake wote kichwani, mmoja mmoja, hadi akalikumbuka kochi la Mwalimu mstaafu. Lilikuwa la watu watatu, la mahameli ya kijani, lenye vifungo arobaini na nane alivyovivuta kwa mkono miaka sita iliyopita. Katika yote aliyoyatengeneza, hilo ndilo alilolionea wivu lilipoondoka.

Kesho yake, ndiyo ile Jumanne, akatoka. Simu ilikuwa na chaji asilimia tisa, kwa kuwa soketi iko upande wa Kinyozi na mashine ilikuwa imeishikilia tangu asubuhi, na yeye hakutaka kuiomba. Akavuka mtaro wa maji machafu kwa ubao mmoja. Akapita mbele ya wauza viatu wasimuuzie. Akafika kwenye geti la Mwalimu akiwa na asilimia saba, akabisha hodi.

Mke wa Mwalimu alimpokea kwa furaha, akamwuliza hali ya watoto, ya mume na ya kiuno, na kwa kuwa adabu ni adabu, Mama Makochi naye akauliza yake yote, na chaji ikawa asilimia tano. Kisha akaeleza shida iliyomleta. Bibi akasikitika, akamwongoza sebuleni, akamwonyesha kwa kidole.

Kochi lilikuwapo, la kijani vilevile, vifungo vyake vyote vimekaa. Lakini juu yake, kutoka mkono wa kulia hadi mkono wa kushoto, alikuwa amelala Mwalimu, mtu mrefu na mpana, gazeti usoni, soksi moja mguuni, na mkoromo uliolipeperusha gazeti kila ulipotoka. Alikuwa hapo tangu amalize chakula cha mchana, na kwa desturi yake haondoki kabla ya saa kumi na moja.

"Nimwamshe?" akauliza Mama Makochi kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, usithubutu," akasema bibi. "Huyu akiamshwa kabla ya saa yake anaanza kufundisha. Wiki iliyopita aliamshwa na mpiga hodi, akamweleza habari za mito na milima mpaka giza likaingia. Yule mtu alikuja kusoma mita tu."

Basi mzingiro ukaanza. Mama Makochi alishambulia kutoka upande wa dirisha, lakini mwanga ukamlemea, picha ikawa nyeupe tupu. Akashambulia kutoka mlangoni, akapata goti. Akapanda juu ya stuli ili aichukue kutoka angani, na Mwalimu, kana kwamba amepashwa habari, akajigeuza, akatandaza mkono, akafunika vifungo kumi na viwili kwa mpigo. Bibi aliingia vitani upande wa mgeni. Akauinua mkono ule kwa vidole viwili, akauweka kifuani pa mwenyewe, nao ukarudi ulikotoka. Asilimia mbili. Simu ikaanza kuonya.

"Piga tu hivyo hivyo," bibi akanong'ona. "Uso umefunikwa, nani atamjua? Na miaka arobaini ameamuru watoto wa watu wakae wima. Acha na yeye aonekane amelala." Mama Makochi akapiga. Simu ikazima.

Picha iliyoingia kwenye orodha ya mafundi ilikuwa hiyo. Kochi lilionekana nusu, na nusu nyingine ilikuwa Mwalimu. Kinyozi alipoonyeshwa aliuliza kama mke wake anauza makochi au wazee, na wateja wote wakacheka, na Mama Makochi akarudi nyuma ya pazia akaanza kupanga upya sponji zake.

Simu zilikuja, nisiwadanganye, lakini zilikuja zile za kuchosha moyo. Wa kwanza alitaka alipwe ili jina la fundi lipandishwe juu ya wengine. Wa pili aliuliza bei, akatajiwa, akasema atapiga baadaye, na sauti yake haikusikika tena katika dunia hii. Wa tatu alitaka sare za shule. Siku zikayoyoma. Kinyozi akaanza kupima upande wa ndani kwa hatua zake, akidhani haonekani.

Siku ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi, Mama Makochi alikuwa amekwisha kupanda juu ya stuli na kushika kamba ya pazia, maana aliahidi kulishusha mwenyewe, na ahadi yake haikuwa ya mchezo. Simu ikaita. Akaipokea kwa mkono ulio huru, bila matumaini.

"Samahani dada, wewe ndiye mwenye picha ya mzee aliyelala?"

"Ndiye mimi," akasema, akijiandaa kuomba radhi.

"Nimeangalia picha nyingi sana. Makochi mazuri, yanang'aa, na hayana mtu. Mume wangu alipasuliwa mgongo, hawezi kulala kitandani, analala ameketi kwenye kochi la mtu mmoja, na kochi lenyewe linamuumiza. Mwezi wa nne huu hajapata usingizi wa maana. Naomba uniambie ukweli. Yule mzee alikuwa amelala kweli, au mlimwambia ajifanye?"

"Dada," akasema Mama Makochi, "tulishindwa kumwondoa."

Kochi lilifika mchana huo juu ya mkokoteni, pana, zito, la kizamani, yule mwanamke wa simuni akitembea pembeni ameshika mkono wa kochi kama anayemsindikiza mgonjwa. Likapita mlangoni kwa shida, likafika mpakani, likagoma. Upande wa ndani haukuwa na nafasi ya kuligeuza. Wateja watatu wa Kinyozi walitazama, na Kinyozi akatazama, na mashine ikanguruma hewani bila kunyoa kitu.

Kisha akaizima. Akamwomba radhi aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa, akamshusha, akapanda yeye juu ya kiti chake mwenyewe cha kuzunguka, akang'oa misumari ya pazia, akaigongomea upya hatua moja nzima ndani ya ufalme wake. Mama Makochi akamwuliza, kochi likishaondoka, pazia litarudi lilipokuwa? Kinyozi akashuka taratibu, akajipangusa mikono.

"Liache hapo hapo," akasema. "Na hiyo soketi, chomeka simu yako."

Hivyo ndivyo, katika mwaka wa kuhama kwa kituo, mpaka wa falme mbili ulivyosogezwa hatua moja bila kumwagika damu, ila tone moja la kidole lililosababishwa na msumari. Wajuzi wataendelea kubishana kama orodha za mtandaoni huwaletea mafundi wateja. Mimi ninajua zilimletea huyu mmoja, kwa wakati, na mmoja ndiye aliyehitajika.

Siku ya tisa baada ya kochi kurudi kwao, asubuhi na mapema, picha iliingia kwenye simu ya Mama Makochi. Mwanamume ameketi, kichwa kimeegemea pembeni, mdomo wazi, blanketi limeteleza mpaka magotini. Chini yake mkewe alikuwa ameandika neno moja: Amelala. Mama Makochi aliitazama, akalia kidogo, akapita upande wa pili wa pazia akamwonyesha mumewe, na Kinyozi safari hii hakuuliza kama anauza wazee.

Basi, ninyi mliokaa, simameni kidogo kwa heshima yake. Kisha mkae tena, lakini taratibu, maana hicho mlichokalia kuna mtu alikishona.