Mngurumo wa Silinda Sita

Jumapili, 4 Mei

Siku njema. Nimemmaliza Daktari wa Meno. Bado hajajua.

Niandike vizuri, wajukuu wasije wakachanganyikiwa. Katika chama chetu cha magari ya spoti ya zamani tuko wanachama tisa, na magari mawili tu ni ya aina moja: langu na la Daktari wa Meno. Milango miwili, pua ndefu, na injini ya silinda sita inayonguruma hadi vyombo vinatetemeka kabatini. Injini ndiyo gari lenyewe. Mengine ni mabati na viti. Sasa mwaka huu Daktari kaing'oa injini yake na kuweka mota ya umeme. Ati haitoi moshi. Ati haisumbui majirani! Gari la namna ile linapita barabarani kimya kama paka sebuleni. Aibu tupu.

Leo kikaoni nimetoa hoja: gari lililong'olewa injini yake ya asili si gari la chama, na mwenye nalo atoke. Kura Jumamosi. Mwenyekiti akasema hoja ni kali kidogo. Nikamwambia ndivyo nilivyoikusudia. Daktari akatabasamu tu, meno yote nje. Acha atabasamu.

Mtaani kwetu wananiita Ngurumo. Sijawahi kulalamika.

Jumatatu, 5 Mei

Nimepita kliniki kumsalimu Daktari. Huwa napita kila siku, maana iko katikati ya nyumbani na karakana yangu ya vioo na fremu. Msaidizi wake akasema, kama kawaida, kwamba daktari ana mgonjwa. Sijapata kuona mtu mwenye wagonjwa wengi namna ile.

Basi nikarudi garini, nikasimama chini ya dirisha lake, nikakanyaga mafuta. Somo la bure. Nikakanyaga tena. Mara ya tatu nikakanyaga kwa moyo wangu wote.

Mlio mmoja mkubwa. Halafu vyuma kumwagika. Halafu kimya.

Daktari akafungua dirisha na kuniuliza kama naumwa. Nikasema nafanya majaribio. Akafunga dirisha.

Jumanne, 6 Mei

Fundi kafungua boneti, kaangalia weee, halafu kavua kofia. Sikupenda alivyovua kofia. Anasema mkono wa pistoni umekatika na kutoboa ubavu wa injini. Kutengenezeka, inatengenezeka, ila vifaa vya injini ile haviuzwi tena dukani, ni vya kusakwa. Kwa sasa anayo injini ya teksi. Ndogo, nzima, haina makelele. Nikamwambia heri nitembee kwa miguu. Akasema sawa.

Nikatembea hadi nyumbani. Viatu vikanibana. Nikampigia simu aweke ya teksi, na iwe siri yetu wawili, maana kwa hoja yangu mwenyewe mimi ndiye nitakayetolewa chamani! Miaka yote ile ya uanachama, bendera yangu ndogo mezani, kiti changu karibu na Mwenyekiti, vyote viende kwa sababu ya pistoni! Fundi akacheka. Au alikuwa anakohoa.

Jumatano, 7 Mei

Mbinu: kuendesha polepole, kuegesha mbali, boneti kulitia kufuli. Hakuna atakayenusa.

Fundi kaifunga injini ya teksi usiku kucha, na sasa gari halisikiki kabisa. Nimefika karakana nikamkuta Karani wangu, mama mzima, kalala fofofo juu ya magodoro tunayofungia vioo, viatu kavipanga pembeni. Mwanamke huyu kila nikifika huwa kainamia kazi. Anasema alikuwa anapima kama magodoro bado yana ulaini. Nimempongeza kwa kujali mali ya kazini.

Nyuma, Mkata Vioo alikuwa anamalizia tangi kubwa la samaki, kioo kile changu kinene. Karibu naye kasimama mteja nisiyemjua. Mkata Vioo akababaika, halafu akasema ni zawadi, alitaka kunishtukiza. Niliguswa sana. Nikalibeba tangi langu papo hapo. Yule mteja akaondoka kanuna, sijui kapatwa na nini.

Kliniki pia nimepita. Msaidizi hakuwahi kuinuka, nikaingia moja kwa moja. Daktari kajilaza kwenye kiti cha wagonjwa, gazeti kifuani, shavu limetuna kwa pipi. Daktari wa meno! Mgonjwa hakuna hata wa dawa. Kwa mara ya kwanza tukapata nafasi ya kuongea vizuri. Nikavuta kile kiti chake kidogo cha magurudumu, nikakaa mbele ya miguu yake, nikamweleza habari za injini tangu mwanzo, kuanzia kabureta. Alikuwa anaangalia saa yake mara kwa mara. Ni saa nzuri kweli.

Alhamisi, 8 Mei

Nimewahi kurudi nyumbani. Nikaegesha kwenye kona, nikaja kwa miguu. Kelele zinatoka kwangu. Nikanyata hadi dirishani.

Sebule imejaa. Mke wangu, mama mkwe, majirani wanne, birika, biskuti. Mama mkwe kakalia kiti changu, kile ambacho hakikaliwi na mtu. Alikuwa anaigiza mtu fulani. Katoa tumbo mbele, anapandisha suruali ambayo hakuivaa, anasema kwa sauti nzito kwamba watu wa siku hizi hawana heshima kwa kabureta. Nimejaribu sana kumjua anayeigizwa. Nimeshindwa. Mtu wa hovyo, mwenye majivuno yasiyo na mpango.

Lakini mke wangu alikuwa anacheka. Kajishika mbavu, machozi yanamtoka, anamsihi mama yake aache, akiacha anamsihi arudie. Nimeishi naye miaka yote hii na kicheko kile sikijui. Kinaanzia chini kabisa na hakina haraka ya kuisha. Nikasimama pale dirishani kwa muda. Niliona wivu, sijui wa nani, na nilijisikia vibaya.

Nikakohoa. Sebule ikatawanyika, wengine wakapitia jikoni. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi kabla sijafungua mlango, na umri wake ule! Mke wangu akauliza mbona hakusikia gari. Nikasema nilizima injini mteremkoni kuokoa mafuta. Akaniangalia. Kicheko kilikuwa kimeshaondoka usoni. Akauliza kama nitaendelea kuokoa mafuta kwa muda mrefu.

Ijumaa, 9 Mei

Kumbe nina wafuasi.

Karani kaja mwenyewe mezani kwangu kuulizia ule mngurumo. Anasema siku hizi hawezi kutulia, kila saa anageuka kuangalia mlango. Mkata Vioo anasema mikono inamtetemeka, kavunja vioo viwili asubuhi moja. Nyumbani, mama mkwe hakuondoka dirishani mchana kutwa, anachungulia barabara, chai yake imepoa. Jirani mmojawapo wa wale wanne kanisimamisha langoni, mtu ambaye hajawahi kunisalimia, kauliza kwa upole kabisa gari langu litapona lini.

Nikamwambia halijaugua. Akasema pole hata hivyo.

Nilidhani nilikuwa peke yangu katika kuipigania silinda sita, kumbe mtaa mzima uko nyuma yangu! Nimelengwalengwa na machozi. Nikajikaza.

Kwa kura ya kesho mbinu iko tayari. Ninayo sauti ya injini kwenye simu, niliirekodi ikiwa nzima, nikampa mke wangu siku yake ya kuzaliwa. Hajawahi kuisikiliza, anaitunza. Simu na spika kubwa vitakaa kwenye buti. Nitaingia uani kwa Mwenyekiti nikinguruma kama zamani, nitasoma hoja yangu, Daktari atatolewa, nami nitaondoka mapema. Karani na Mkata Vioo waje wapige makofi. Ni amri.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike kwa utulivu.

Nimeingia kwa kishindo. Spika imefanya kazi kupita nilivyotarajia. Wanachama wakageuka wote, mke wangu na mama mkwe, ambao walitangulia, wakainuka vitini, Karani akaficha kikombe chake. Nikazima gari. Nikatoka. Nikafunga mlango. Nikatembea hadi kwenye kiti changu, funguo mkononi, na gari linaendelea kunguruma.

Nikasema injini bado ina joto.

Mwenyekiti akafungua kikao kwa kupaza sauti. Kumbukumbu za kikao kilichopita zikasomwa kwa kupaza sauti. Gari likabadilisha gia mara mbili, limesimama palepale. Nikaenda kufungua buti, kufuli ikagoma. Ile ya boneti nilisahau kuifunga. Mwenyekiti, mtu mwema, akaliinua boneti ili anisaidie kuzima.

Wakaja wote kuangalia. Injini ya teksi ilikuwa imekaa pale katikati, ndogo, imezungukwa na nafasi tupu. Mtu mmoja akauliza hiyo ndiyo injini au betri. Ndipo simu ikaisha chaji.

Kimya kile sitakisahau. Mwenyekiti akakohoa na kusema hoja iliyo mezani ni yangu, na kwa bahati mbaya inanihusu. Nikasimama. Nikaona kiti changu, bendera yangu, na mke wangu anayeangalia viatu vyake, nikaogopa kweli. Bila chama hiki mimi nitakuwa mwenye karakana tu. Nikasema injini yangu haikung'olewa, imelazwa. Hakuna aliyepiga makofi, hata wale wenye amri.

Akainuka Daktari wa Meno. Nikafumba macho.

"Mwacheni abaki," akasema. "Ila ile injini ya zamani irudi. Yangu bado iko stoo. Vifaa vyote anavyohitaji, achukue bure."

Nikafumbua macho. Karani akasema anaunga mkono. Mkata Vioo akaunga mkono kabla hajamaliza. Si wanachama, na hakuna aliyejali. Mke wangu akanyoosha mkono juu kabisa, kama anasimamisha basi, akasema pazia za sebule alizoziomba tangu mwaka jana ziahirishwe, fundi alipwe kwanza. Mama mkwe akanishika bega.

"Mwanangu," akasema, "sisi tukilisikia lile gari tunajua ndiyo unakuja. Tunajipanga."

Wanajipanga kunipokea! Hoja yangu ikafutwa, kura zote zikaenda kwa injini ya zamani, makofi yakapigwa bila amri. Nikamkumbatia Daktari na kumuuliza, kama ameongoka, kwa nini asirudishe na yake. Akasema hapana, hapa mtaani inatosha moja.

Jumatatu, 2 Juni

Imerudi! Fundi ameiunga kwa vifaa vya Daktari, na inanguruma kana kwamba inalipiza kisasi. Nimezunguka mji mzima.

Karakana: kutoka kona ya pili nikasikia mtu anapaza sauti, "Ngurumo huyo!" Wananishangilia kabisa. Nilipoingia, Karani kainamia kazi, Mkata Vioo anakata fremu, jasho linamtoka. Hakuna aliyeinua kichwa. Injini ya asili inaleta nidhamu, nimesema siku zote. Kliniki: Daktari ana mgonjwa. Biashara yake imechangamka tena, nimefurahi kwa ajili yake.

Nyumbani nikakanyaga mafuta tangu mwanzo wa mtaa. Nikaingia. Sebule safi, kimya, kiti changu kitupu kinanisubiri, ingawa kilikuwa na joto. Mama mkwe anasoma gazeti, kaligeuza juu chini, macho yake nayo yamechoka siku hizi. Mezani vikombe sita, vyote vinatoa mvuke. Mke wangu ana kiu sana.

Nikamwomba anichekee kile kicheko. Akauliza kicheko gani. Nikasema kile kirefu, kinachoanzia chini. Akafikiri, akanitolea kidogo kwa adabu. Hakikuwa chenyewe. Nikamwigizia mtu anayesifu kabureta, nikatoa na tumbo. Mama mkwe akashusha gazeti, wakatazamana, hakuna aliyecheka. Kuigiza nako kunataka kipaji.

Nadhani tatizo ni sauti, haifiki mbali vya kutosha. Wakinisikia mapema zaidi, watakuwa na muda wa kufurahi. Kesho fundi ataniongezea bomba la pili la moshi. Nimewaambia, na wote wawili wamesema ni wazo zuri sana.

Baada ya hapo nikaenda kukaa garini peke yangu, nikawasha injini, nikaisikiliza. Tamu ajabu. Ndani walifunga dirisha.