Nilienda Kuigiza Kiziwi

Wasee, leo nimepatikana. Na si kupatikana ya kawaida. Nimepatikana mbele ya wataalamu, nikipigiwa makofi.

Mnajua mimi hufanya kwa posho mill huku Mukurweini. Nasaga mahindi ya watu, jioni narudi nyumbani nikiwa mweupe kichwa mpaka kope. Sasa kuna cousin yangu Muthoni, ni mpishi kwa hoteli moja hapo Nyeri town. Hiyo hoteli leo ilikuwa na semina ya wataalamu wa masikio na wa kuongea. Wengine wako kazi tayari, wengine bado ni wanafunzi, wamekuja kuongezewa ujuzi. Na walikuwa wanatafuta mtu wa kuigiza mgonjwa.

Muthoni akaniambia, wewe si huwa unaigiza chief kwa harusi za watu mpaka wazee wanashika mbavu? Kuja.

Mwalimu wao ni mama mmoja mpole, wanamwita tu Madam. Alinipigia simu jana akauliza kama masikio yangu iko sawa. Nikamwambia mimi nasikia kuku akifikiria kutaga. (Hakuna mtu alinituma kusema hivyo.) Akacheka, akasema basi hana haja ya kunipima kwanza. Na ati nikifanya vizuri atakuwa ananibeba kila semina, Karatina, Nanyuki, mpaka Meru. Wewe fikiria. Kazi ya kukaa kwa kiti na kudanganya watu wako na digrii. Niliona Mungu amenikumbuka.

Kwa hivyo leo asubuhi nikapitia kwa mwenye mashine. Nikamwambia atafute mtu mwingine wa kumeza vumbi yake, mimi sasa ni msanii. (Niliongeza na maneno ya tumbo yake. Hiyo ndio itaniua.)

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna watu hujifanya viziwi ndio kampuni iwalipe fidia. Hawa wataalamu lazima wajue kuwashika. So mimi najifanya sikio moja imekufa, wao wanajaribu kunishika nikidanganya. Madam akaniambia nichague sikio yoyote. Nikachagua kushoto. Sijui kwa nini. Ilikuja tu.

Nikavalishwa ile earphone kubwa kama ya rubani wa ndege. Nikisikia mlio kulia, nainua mkono. Ikilia kushoto, hata nikisikia, nakaa kama jiwe.

Wa kwanza alikuwa mwanafunzi anaitwa Kelvin, kijana wa miwani. Akapiga kulia, nikainua. Akaenda kushoto. Jiwe. Akaongeza. Jiwe. Akaongeza mpaka yeye mwenyewe akakunja uso. Mimi natazama dari nikifikiria chapati za Muthoni. Hata nilishangaa kazi ni rahisi hivi. Hakuna kitu nilikuwa nazuia. (Hapo ndio akili ingekuja. Haikukuja.)

Wakajaribu wengine, wote wakashindwa. Kelvin akasema, "Madam, huyu jamaa ni hatari."

"Bado hujaona kitu, daktari," nikamwambia.

Madam akasimama sasa. Akawaambia wanafunzi kuna mtego moja mwongo hawezi kuruka. Akawaeleza, lakini mimi sikuskia maelezo, nilikuwa nimezibwa tena na earphone. Akabonyeza. Nikaskia kamlio kadogo kulia. Nikainua mkono.

Hall yote ikalipuka. Kelvin alisimama kwa kiti akipiga makofi. Mimi nikasimama, nikainama hivi, mkono kwa kifua, nikageuka nikainamia na wale wa dirishani. Muthoni alikuwa ameingia na chai, nikamrushia busu.

Madam hakupiga makofi.

Akanirudisha kwa kiti. Akabonyeza tena, nikainua. Akabadilisha kitu, akabonyeza, nikainua. Naona makofi inapungua, mmoja anawacha, halafu mwingine. Kelvin akakaa chini pole pole.

Madam akanitoa earphone. "Njogu, sasa wacha kuigiza."

"Nimewacha, Madam."

"Nataka uwache kabisa. Si mchezo tena."

"Si nimewacha kitambo."

Akavuta kiti karibu, akanieleza ule mtego. Alikuwa anapiga mlio kwa masikio yote mbili pamoja. Kushoto kubwa, kulia ndogo. Mtu masikio yake iko sawa husikia ile kubwa peke yake. Mwongo anadhani imelia tu kwa ile sikio anasema imekufa, ananyamaza, na hapo anashikwa. Mwenye kuinua mkono ni yule kubwa haijamfikia. Yaani kiziwi wa ukweli.

Mimi bado nikadhani ni sehemu ya show. Nikamkonyeza. (Wasee, nilimkonyeza.)

Akanirudishia earphone kwa sikio ya kulia peke yake, akafungua kelele, shhh kama mvua kwa mabati. Akasimama kushoto yangu. Niliona mdomo yake ikienda. Niliona wanafunzi wote wakiniangalia, wakingoja. Halafu akazima.

"Umesema nini?" nikauliza.

"Nimekuuliza jina la mama yako. Mara tatu."

Ikakuwa kimya. Hiyo kimya niliisikia na masikio yote mbili.

Nikaanza kuongea kuwachangamsha. Nikawaambia simu hushika kulia, nilidhani ni mazoea. Nikilala na upande wa kulia, dunia inazima, nilidhani huku kwetu kuna amani. Nikiwa mdogo hii sikio ya kushoto ilikuwa inatoa usaha mpaka shule nakaa peke yangu. Na kwa mashine, muziki yake ni ya kutwa. Hakuna mtu alicheka. Mimi nikiongea watu hucheka, wasee. Leo Kelvin alitoa miwani akapanguza.

Madam akasema ni lazima hospitali iangalie kama ni usaha ya zamani ama ni nini. Kushoto hawezi kuniahidi kitu. Ya kulia bado ni nzuri, na ndio nimebakisha, kwa hivyo nisisimame tena karibu na ile mashine bila kuziba hiyo sikio. Akanipa vile vidude vya kuziba, laini kama ugali ya mtoto.

"Na Nanyuki?" nikamuuliza.

Akaangalia chini. "Mwenye kuigiza lazima awe anasikia, Njogu."

Hapo sasa. Nimenyimwa kazi ya kuwa kiziwi kwa sababu mimi ni kiziwi.

Muthoni alinifungia chapati kwa karatasi, hakusema kitu. (Ama alisema akiwa kushoto.) Nikaenda nje kwa baridi nikapigia mwenye mashine nimuombe msamaha anirudishie kazi. Nikajaribu kwanza sikio ya kushoto. Kimya kama kaburi. Nikahamisha kulia. Matusi ilikuwa imefika kwa babu yangu na inaendelea kupanda. Nikarudisha simu kushoto, nikamwacha amalize pole pole. Wakati nimeiweka kulia tena, alikuwa amekata.

So mpaka saa hii sijui kama niko na kazi.

Naomba msinicheke. Na yule hawezi kujizuia, asimame kulia yangu nijue ni nani.