Treni ya Ketsia

Jumatatu, 30 Septemba 2002
Barua ya binti yangu Ketsia, toka Balaka. Mimba miezi nane, bwana amekimbia, miguu imevimba. Anasema mama, kuja kabla sijazaa, naogopa. Moyo wangu! Ofisini banasema kibali cha kutoka kambi ya Dzaleka ni wiki mbili. Jirani Epiphanie, mtu wa Bukavu, cha kwake cha kwenda Balaka anacho, anapita nacho mlangoni kwangu kama bendera. Treni ya abiria ya Balaka inatoka Lilongwe kila Alhamisi. Nimepata akili.

Jumanne, 1 Oktoba
Nimejiangusha kwenye foleni ya unga, nikashika tumbo. Nimelia vizuri! Ambulansi mpaka Lilongwe, bila kibali. Huko sindano mbili. Sasa naumwa kweli.

Jumatano, 2 Oktoba
Nimetoroka hospitali. Mzee wa tiketi stesheni: amayi, yaani mama, treni ni saa kumi na mbili asubuhi kamili, lala hapahapa. Epiphanie alishatandika mkeka. Akanicheka: mama Ketsia, tumbo limepona? Mi nimezaliwa Kalemie, kando ya reli. Kwetu treni ya Jumatatu inafika Alhamisi, tena na bahati. Mtu wa Bukavu anifundishe treni! Nimeenda mtaa wa Area 25 kwa Kabibi wa kanisa letu, nimkaangie Ketsia samaki.

Alhamisi, 3 Oktoba
Imeondoka! Saa kumi na mbili kamili! Nilifika saa mbili na samaki ya moto. Reli tupu, harufu ya mazuti, mafuta ya injini. Epiphanie njo yeye alipata dirisha. Treni gani haina haya hivyo?

Jumatatu, 7 Oktoba
Epiphanie amepiga simu toka Balaka kwenye duka la jirani ya Kabibi. Ketsia alizaa Jumamosi. Mtoto alipumua mpaka jioni. Jana bamemzika. Epiphanie njo yeye alimbeba, mimi bibi yake sikuwako. Ketsia hali chakula, damu haijakoma. Anauliza tu mama iko wapi. Nimelia karibu na moto, Kabibi adhani ni moshi.

Alhamisi, 10 Oktoba, saa kumi na mbili kasoro dakika tano
Kabibi ananisukuma toka saa kumi: dada, twende, twende! Nimemwambia tulia. Ile ya wiki jana ilikosea tu, dereva hakuzoea. Nitamfikia mtoto wangu na mikono mitupu? Supu ya mzazi haijaiva.

Honi inalia huko stesheni. Kabibi amesimama na mzigo kichwani.

Ni manevri tu, bado banapanga mabehewa. Naongeza chumvi.