Vita vya Benchi la Kivulini

Jumatatu, 6 Mei

Nimeamua. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, namposa mkutubi. Nampenda. Nimeandika kwa wino, haifutiki. Kila Jumamosi anakuja kusoma kwenye ile bustani ndogo ya ufukweni, nami kila Jumamosi napita mbele yake mara nne nikijifanya nina safari.

Tatizo ni benchi. Bustani ina mabenchi matano. Manne yako juani, ukikaa unaiva. La tano liko kivulini, linatazama bahari, na linatosha watu wawili tu kwa sababu upande mmoja mbao zimeoza. Mkutubi hukaa hapo. Na wa pili wake? Stempu! Mstaafu wa posta, redio mkononi, gazeti kwapani. Huingia geti likifunguliwa, hutoka likifungwa. Mke wangu mtarajiwa anakaa bega kwa bega na Stempu kila wiki!

Dada, ambaye nalala sebuleni kwake tangu duka langu la kutengeneza saa lifungwe, kasema nioe au nihame, mwisho wa mwezi anataka kochi lake. Wala hakukasirika. Alikuwa analipima kochi kwa futi.

Jumanne, 7 Mei

Mbinu ya kwanza: kuwahi. Fundi saa ashindwe kuwahi? Nimefika getini saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Kumbe ilikuwa saa moja na nusu. (Saa yangu niliitengeneza mwenyewe.) Stempu alishakaa zamani. Alinikaribisha kwa ukarimu wa kuudhi, akanipa ukurasa wa tanzia niusome nikiwa nimesimama.

Lakini kanipa na siri. Nilimuuliza kwa nini hashuki kamwe mchangani. Akasema mwaka juzi kaa alimbana kidole gumba cha mguu, na mpaka leo akimwona kaa hata kwenye picha, jasho linamtoka.

Aha!

Alhamisi, 9 Mei

Nimetengeneza ubao. Nimebandua mgongo wa kabati la dada, upande unaotazama ukuta, hatagundua. Nilikusudia kuandika: TAHADHARI! KAA WAKALI WAKO HAPA. Herufi zilinitoka kubwa kidogo. TAHADHARI peke yake ilimaliza ubao mzima. Nimegeuza upande wa pili, nikafupisha: KAA HAPA. Onyo kavu, la kutisha. Maneno mengi hupunguza hofu.

Mtunza bustani, ambaye hunuka tembo kuanzia saa tatu asubuhi, amenisaidia kuupigilia mtini, juu ya benchi. Alisoma, akanipa mkono wa pongezi. Akasema bustani hii imezidi makatazo, usikanyage nyasi, usichume maua, usilale, sasa angalau. Angalau nini, hakumalizia. Walevi bwana.

Ijumaa, 10 Mei

Balaa! Benchi lina watu wanne waliobanana na foleni ya watu sita. Bibi mmoja mwenye fimbo kanikemea nisiruke foleni, eti ubao unamwambia kila mtu akae, sio mimi peke yangu.

Kaa! Wamesoma kaa ya kuketi!

Na Stempu katikati yao anagawa kurasa za gazeti, utadhani mwenye nyumba.

Nimerekebisha palepale. Chini ya maandishi nimemchora kaa mwenyewe: mwili mpana, miguu, magando mawili yameinuka huku na huku. Nikarudi nyuma hatua tatu kutazama. Bibi wa fimbo akasifu kochi langu. Akasema hata sehemu za kuegemeza mikono nimezipatia. Nikamtazama Stempu. Jasho hakuna, hata tone.

Jumamosi, 11 Mei

Andika, mkono, hata kama unauma.

Nilivaa shati la shemeji. Mkutubi alifika saa nne kamili, akasimama mbele ya ubao. Huyu ni mtu wa vitabu, huyu ataelewa! Akatoa kalamu, akaongeza TAFADHALI juu ya maneno yangu, akisema si adabu kuwaamrisha watu wazima. Kisha akatii. Foleni yote ikampisha, akakaa. Ubavuni kwa Stempu.

Uvumilivu ukaniisha. Nikapaza sauti kwamba ni kaa, jamani, kaa wa baharini, wenye magando! Mkutubi akauliza kwa upole wako wapi. Swali la haki. Nikaruka ukuta, nikaingia majini hadi kiunoni, nikampata mmoja. Kusema kweli, yeye ndiye aliyenipata. Nilirudi ananing'inia kwenye kidole changu cha pete.

Stempu alipiga ukelele akapanda juu ya benchi. Watu wakatawanyika. Ushindi! Ila mkutubi naye akapanda, ili amshike mkono asianguke. Zile mbao mbovu zikakatika. Wakadondoka wote wawili kwenye nyasi zisizokanyagwa, wakacheka mpaka machozi, na mkono haukuachiwa.

Nikaona ni sasa au basi. Nikaanza posa niliyoikariri wiki nzima. Nilipofika nataka tuoane, kaa akabana upya, ikawa nataka tuooooo! Mkutubi akanionea huruma. Akanielekeza zahanati.

Jumatatu, 13 Mei

Kidole kina bandeji. Dada katoka sokoni na habari: Stempu kaposa, mkutubi kakubali. Tena wanamtafuta aliyeandika ule ubao, wampe kiti cha mbele harusini. Nimelia. Nimelia kwelikweli, uso kwenye mto wa kochi.

Halafu dada kavuta kabati ili afagie. Sahani zote zimetokea nyuma. Sasa amesema, mdogo wangu, usisubiri mwisho wa mwezi, Ijumaa inatosha.

Nimejitafakari kwa kina. Kosa langu ni moja tu: nilichagua mnyama mdogo.

Maana matumaini yapo! Muuguzi aliyenifunga bandeji ana kicheko kizuri, na kumbe kila Jumatano hula chakula chake cha mchana bustanini, kwenye benchi lilelile. Limeshapigiliwa mbao mpya. Nataka siku hiyo pasiwe na mtu, tuwe wawili tu. Kwa hiyo nimeandika ubao mpya, wa mnyama ambaye hakuna atakayebaki kumsubiri, wala hakuna atakayemdhania kochi: TEMBO HAPA.

Mtunza bustani ameukuta ubao unakauka. Kanishika mkono kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Kauliza Jumatano tunafungua saa ngapi, na kama kila mtu aje na kikombe chake. Sijui kikombe cha nini. Kaondoka mbio kuwaambia wenzake wote wa nyuma ya soko.

Vizuri sana. Hofu ienee.